Boya la Elinipendo

Ungemwona Elinipendo siku ile, katikati ya soko la mitumba Kiboriloni, akipuliza mfuko mrefu kuliko yeye mwenyewe, ungedhani akili zimeanza kumruka. Wala. Alikuwa na siku mbili tu. Jumamosi Mwalimu Gidioni angewapa mtihani wa mwisho wa kupiga mbizi katika Ziwa Chala, na kikosi cha wapima ziwa kilikuwa kimebakiza nafasi moja. Walioigombea ni wawili: Lucky wa Moshi mjini, na yeye, binti wa Masama aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la kumwagilia migomba.

Mtihani wenyewe ulikuwa kuzama mita kumi, kupandisha boya, yaani mfuko mrefu wa hewa, kwa uzi ili walio juu wajue ulipo, kisha kupanda taratibu ukiufuata uzi huo. Boya na rili, kigurudumu cha kuzungushia uzi, kila mtu ajitafutie. Gidioni, mstaafu wa jeshi la majini asiyependa maneno mengi, alisema anataka kuona wanavyochagua.

Mchuuzi Dominika, mwenye rundo la vifaa vya michezo kutoka Ulaya, hakujua anauza nini, lakini hilo halikumzuia kushauri.

"Chukua hili la kijani, dada. Linapendeza. Mimi nilidhani ni mto."

Elinipendo akalisimamisha mbele ya mikungu ya ndizi mbichi, akarudi nyuma hatua ishirini. Boya halikuonekana. Na kingo za Chala ni majani matupu. Akachukua la rangi ya chungwa, akalipeleka kwa fundi pancha, akaomba alizamishe kwenye karai lake. Halikutoa povu hata moja.

Zikabaki rili. Moja ilikuwa kubwa, ya chuma, yenye mpini na kulabu ya kuning'iniza kwenye mkanda. Lucky alikwisha kununua ya namna hiyo na wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine. Ya pili ilikuwa ya plastiki, inaenea kiganjani, ina uzi mita thelathini na tundu la kidole, basi. Mkono wa Elinipendo ukaiendea ile kubwa wenyewe.

Tusimlaumu. Baba yake, mzee Sifael, alimaliza ujana wake akisafisha mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani ukipita kwenye genge. Kule hakuna mtu anayeshika jembe kabla hajafungwa kamba kiunoni, na Elinipendo alikua akijua kwamba kamba isiyofungwa mwilini ni kifo. Ndiyo maana wiki iliyopita, kwenye bwawa la mazoezi mjini, alijifunga uzi kiunoni kwa fundo la baba yake. Boya likajaa hewa, likamnyanyua kama kuku aliyeshikwa mabawa. Gidioni alimdaka kisigino.

"Kwenye mfongo unaogopa kwenda chini," alimwambia walipotoka majini. "Huku ogopa kwenda juu. Ukipanda kwa kasi, mapafu yanapasuka. Usijifunge. Uzi ukikwama, achia."

Kuachia! Kwao hakuna aliyewahi kumfundisha hilo. Akaitazama rili ndogo kwa hofu ya kweli, akaitia kidole, akaitoa. Ilitoka kirahisi mno. Akaichukua hiyo.

Jumamosi mzee Sifael alishuka nao hadi ukingoni mwa ziwa, kamba ya mfongo begani.

"Shikamoo, baba. Hiyo ya nini?"

"Marahaba. Ya kukufunga, mwanangu. Maji haya sijaona mwisho wake."

"Leo sifungwi, baba."

Mzee aliketi juu ya jiwe, kamba mapajani, amenuna waziwazi.

Lucky alitangulia na Gidioni. Baada ya dakika chache boya lake likachomoka majini peke yake, likiburuza kipande cha uzi. Rili yake ya chuma ilikuwa imekwama ikiwa kwenye mkanda, boya likaanza kumpandisha, na Gidioni akaukata uzi kwa kisu. Kijana alitoka ametahayari, ana rili kiunoni na hana boya.

Elinipendo akazama na Gidioni. Mita kumi. Akatia boya hewa ya mtungi, likaondoka kwa nguvu, rili ikizunguka kidoleni. Mara uzi ukapishana, ukakaza. Mkono mzima ukavutwa juu. Kila kitu alichorithi kwao kilimwambia ashike, akaze, asiachie. Gidioni alikuwa mbele yake, macho makavu, kisu hajakigusa.

Akachomoa kidole. Rili ikapaa, ikapotea juu ya kichwa chake.

Kule ukingoni, Lucky alimsimulia baadaye, boya lilitokea likalala ubavu juu ya maji kama gogo. Boya lililolala halina mtu chini yake. Mzee Sifael alisimama akaanza kuvua viatu.

Elinipendo hakukimbilia juu. Alipanda polepole kuliko mapovu yake mwenyewe, na kwenye mita nne akaikuta rili inaning'inia, inamngoja. Akaikamata, akaivuta chini kwa mkono wote. Boya likasimama wima, refu, la rangi ya chungwa, katikati ya ule ukijani wote.

"Limesimama!" Lucky alipiga kelele, na alifurahi kweli, ingawa nafasi ilikuwa inamtoka.

Elinipendo alipoibuka kando ya boya lake, Gidioni alisema maneno mawili: "Jumatatu, kazini." Elinipendo alicheka hadi akameza maji. Furaha ilimjaa kifuani.

Baba yake alimpokea na kiatu kimoja mguuni. Akaigeuzageuza rili akitafuta fundo.

"Ulijifunga wapi?"

"Sikujifunga, baba. Niliiachia."

Mzee akachukua ile kamba ya mfongo, ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akafungia mitungi yote miwili ya hewa ya bintiye, akaitupa mgongoni na kuanza kupanda mteremko mkali wa kutoka ziwani mbele ya watu wote waliokuja kutazama.

"Mpisheni," akawaambia, "mwanangu anapita."