Neno la Bwana Mungania

Mkutano wa kijiji cha Kulamawe ulichelewa kuanza kwa sababu viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa na watu wa harusi, na watu wa harusi hawakukubali kuvirudisha kabla wageni wao hawajala pilau. Sabdio alingoja mlangoni mwa darasa akijipepea kwa ncha ya mtandio. Siku za kawaida aliuza sukari na majani chai dukani kwake. Siku za wageni alitafsiri, maana alikuwa amesoma hadi kidato cha nne huko Isiolo mjini na ulimi wake ulikuwa mwepesi.

Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, alikuwa amempelekea baba yake chai. Mzee huyo, jina lake Wako, aliitikia salamu, akageukia ukuta. Hakuwa mgonjwa. Ukame ulipommalizia ng'ombe wake wa mwisho, Dalacha, yule wa rangi ya majivu, alisema, "Mtu wa ng'ombe asiye na ng'ombe aende wapi?" Kisha akalala, na hakuwa ametoka nje tena. Mkewe Zeinab alikuwa amejaribu mchuzi, dua na matusi.

Mgeni alikuwa Bwana Mungania, Mmeru mnene mwenye adabu, afisa wa shirika moja la Nairobi lililoshughulikia mambo ya ukame. Ilibidi aseme Kiingereza, kwa kuwa mkutano ulikuwa ukirekodiwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo. Alisafisha koo, akasema kwamba wakazi wa eneo hili wamepitia hardship.

"Rakko," Sabdio akatafsiri kwa Kiborana.

Mzee Dida akainua bakora. "Rakko gani? Ya tumbo, ya mwili, au ya mke?"

Wanawake wakacheka. Sabdio akamgeukia mgeni, akamwuliza kwa Kiswahili. "Wazee wanataka kujua ni ipi hasa. Sisi tuna taabu, tuna dhiki, tuna njaa, tuna msiba. Hiyo yako ni ipi?"

"Waambie ni hardship tu," akasema Bwana Mungania.

Mbuzi mweusi akaingia. Alikuwa na sikio lililokatika ncha, na Mzee Dida mwenyewe ndiye aliyekuwa amemburura hadi korongoni siku alipokufa. Mbuzi alipita katikati ya viti, akasimama kando ya mzee na kuanza kutafuna pindo la kikoi chake. Nyuma yake akaingia wa pili, kwa kuwa mgeni alikuwa amelitaja neno lake mara mbili.

"Hawa ni wangu," Mzee Dida akasema, akasogeza miguu kuwapa nafasi. "Walikufa kabla ya Ramadhani."

"Alhamdulillahi," wakaitikia waliokuwa karibu.

Bwana Mungania alingoja wanyama watulie, kwa sababu hakupenda kuzungumza penye kelele. Asho, jirani yake Sabdio, ndiye aliyeng'amua mapema. "Wamesikia jina la kilichowaua," alisema. "Mwambie aseme tena."

Kuanzia hapo, Kulamawe ikashikwa na kiu ya elimu ambayo haikuwa imeonekana pale tangu shule ijengwe. Watu waliinua mikono wakitaka kuelezwa maana. Walipoelezwa, wakataka mfano. Bwana Mungania alikuwa mwalimu zamani, na moyo wake ukafurahi. Akachukua chaki. Alilitumia lile neno katika sentensi za mkulima, za mjane, za mtu aliyepotelewa na viatu. Kondoo wa Asho wakaja. Ngamia wa muuza maziwa akaja, akabaki nje kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akaingiza shingo dirishani.

"Lina wingi?" Zeinab akauliza kupitia kwa binti yake.

"Lina," akasema Bwana Mungania, akalitamka kwa wingi.

Vumbi likatimka upande wa magharibi. Mbuzi waliingia kwa msukumo mmoja, wengine wakarukia madawati. Ilibidi viti virudishwe kwa watu wa harusi ili wanyama wapate pa kusimama. Kila mtu alimtambua wake kwa rangi na kwa pembe, na hakukuwa na ugomvi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka bwana harusi akaja kuona kama bibi harusi mwingine ameletwa.

Wenyeji nao wakajaribu. Mzee Dida alisema "hadishipu" mara kadhaa, na hapakuja kitu. Sabdio alilitamka vizuri, kama alivyofunzwa. Kuku mmoja alichungulia mlangoni, lakini kuku huyo hakuwa amewahi kufa.

"Na huko kwenu ofisini mnalitumiaje?" akauliza Asho.

Bwana Mungania hakuwa mtu wa kudanganya. Akaeleza kwamba sehemu kama hii huitwa sehemu ya hardship, na mfanyakazi anayetumwa huku huongezwa marupurupu.

"Kwa nini?" Sabdio akauliza. Alisahau kwamba kazi yake ilikuwa kutafsiri tu.

"Kwa sababu ya jua. Barabara mbovu. Maji yako mbali."

"Na sisi tunaokaa hapa?"

Bwana Mungania akafikiri. "Nyinyi ni wenyeji," akasema kwa upole.

Sabdio akatafsiri. Ngamia akanguruma dirishani. Zeinab alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mahali ufunguo ulipokuwa.

"Basi ndiyo maana linamtii," alisema. "Sisi linatula, yeye analila. Mwambie aendelee, mwanangu. Asichoke."

Sabdio alitafsiri sehemu ya mwisho tu. Kisha akamwomba mgeni jambo lake mwenyewe, na Bwana Mungania akafuatana naye hadi nyumbani, akiwa na vumbi la chaki suruali nzima. Aliinama mlangoni.

"Salaam aleikum, mzee," alisema, ingawa alikuwa Mkristo.

"Aleikum salaam," ukutani pakaitika.

"Hardship."

Kwa muda kulikuwa na upepo tu. Sabdio aligeuka kutazama magharibi. Alifikiri huenda ng'ombe ni mzito kuliko mbuzi, au huenda Dalacha amechoka nao. Halafu zikasikika kwato, bila haraka. Dalacha alipita kati ya duka na tangi la maji, akasimama mlangoni akiwa na jani kavu limemning'inia mdomoni.

Mzee Wako akageuka. Alimtazama ng'ombe, na ng'ombe akamtazama.

"Umechelewa," mzee akasema.

Akaomba fimbo yake. Akatoka, akampapasa mbavu moja moja, akamshika nundu, akaegemeza shavu lake hapo. Kisha akaanza kumwimbia. Sauti yake ilikuwa na kutu mwanzoni, halafu ikafunguka. Zeinab, aliyekuwa amewafuata, alikaa chini kizingitini akalia na kucheka kwa pamoja, akasema kwamba mwanamume huyu hajawahi kumwimbia yeye hata ubeti mmoja. Sabdio alimshika baba yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Watu wa harusi walileta pilau iliyobaki na ngoma zao, na sherehe mbili zikawa moja.

Tatizo lilikuwa maji. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa kabla ya ukame, na hiyo haikuwa na masikio. Bwana Mungania alisema kutengeneza pampu hakumo katika mpango wa mwaka huu. Mpango wa mwaka huu ulikuwa kukutana.

Alirudi baada ya Idi ya kuchinja, na safari hii alikuja na neno jipya. Ofisi, alisema, imeona lile la zamani linavunja watu moyo, na sasa limekatazwa mikutanoni. Jipya lilikuwa na maana ya uwezo wa kuvumilia. Watu walimsikiliza kwa adabu. Mzee Dida aliomba mfano, akapewa, akauliza kama lina wingi. Walitazama magharibi kwa muda wa kutosha, kisha wakampigia makofi mgeni na kumpa maziwa ya Dalacha, na akayasifu.

Alipokuwa akiingia garini, Asho alimjia.

"Baba, nisemee lile la zamani, mara moja tu," alimwomba. "Kuna punda wangu hakuja siku ile. Labda alikuwa mbali."

Bwana Mungania alimtazama dereva. Alipandisha kioo, akabakisha upenyo mdogo, akaweka mdomo pale na kulisema lile neno kwa sauti ya chini, kisha gari likaondoka.

Punda alikuja kwa ile njia ndefu ya kuendea maji. Alikuwa na mitungi mgongoni bado, imefungwa kwa kamba ileile ya siku aliyoanguka. Asho alimkumbatia shingo, akambusu katikati ya macho, akacheka peke yake barabarani. Akagonga mitungi. Ilikuwa mitupu.

Basi akamgeuza punda, akamshika kamba, wakaenda kuteka.