Breki ya Mkono

Maegesho ya wanafunzi yana nafasi sitini, na magari yanayoingia kila siku hayapungui tisini. Hesabu hiyo wakubwa wa chuo wameniachia mimi, mlinzi mwenye goti bovu. Dawa yangu ni moja: anayechelewa anaziba wenzake, ila aache gia huru na breki ya mkono chini, ili mwenye kutoka akija, mimi nisukume. Kutwa nzima nabwata, "Breki chini! Breki chini!" mpaka wakanipachika jina, Mzee Breki. Haya, nimekuwa Mzee Breki. Wao wakienda darasani, mimi nabaki na vyuma vya baba zao.

Na kila gari likishaegeshwa naliendea, nalisukuma kidogo kwa bega nione kama linatembea. Maana watoto hawa ukiwaambia wanaitikia "sawa mzee," na mkono huohuo umeshavuta breki.

Gari moja tu sikukubali lizibwe. Ni la binti wa mwaka wa tatu, niliyemwita Saa Tano, kwa kuwa kila Jumanne na Ijumaa saa tano hakosi kutoka mbio. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa. Alikuwa akimchukua nyumbani na kumfikisha hospitali saa sita, kwenye mashine ya kusafisha damu. Wakichelewa, zamu inapewa mgonjwa mwingine. Aliniambia siku ya kwanza, machozi yanamlengalenga. "Baba, nakuomba mtu asinizibe." Nikamjibu, "Mwanangu, labda nife."

Sikufa. Nilichoka tu.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimeshasukuma magari chungu nzima, goti limevimba, nimejibwaga kwenye kiti changu cha plastiki. Likaja gari jeupe lenye stika ya wanafunzi kwenye kioo. Mkono ukatoka dirishani. "Mzee, niweke wapi?" Upenyo uliobaki ulikuwa mmoja, nyuma ya Saa Tano. Nikajisemea, si litasukumika? Nikaonyesha kwa kidole. Sikuinuka kulijaribu.

Saa tano binti akaja, funguo mkononi. Nikaliegemea lile jeupe. Wapi! Breki juu, limeganda utadhani limejengewa pale.

"Baba?" akasema.

Nikapita darasa kwa darasa nikitaja namba ya gari, ngazi juu, ngazi chini, na goti langu hilo. Kwenye ukumbi mkubwa nikaitaja mara mbili mbele ya wanafunzi kama mia tatu. Hakuna aliyeinuka. Mwalimu wa takwimu akavua miwani. "Mzee, hapa si sokoni. Toka nje." Nikatoka. Miaka kumi na tisa chuoni, nimezoea.

Mwishowe niliwasimamisha vijana wanane waliokuwa wakitoka maktaba. Wakalinyanyua lile gari mkia, moja, mbili, hooo, likasogea kando. Binti aliondoka saa sita kasoro dakika tano. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Saa saba akashuka mwalimu wa takwimu, funguo za gari jeupe zinaning'inia kidoleni. Jamani! Kumbe la kwake lilikuwa gereji, akaja na la binti yake anayesoma hapa, ndiyo maana stika ikamleta kwetu, na namba yake hata haijui.

"Nani kalisogeza gari?" akafoka.

"Ulivuta breki, mwalimu."

"Sasa gari likisimama nisivute breki? Umeona wapi?"

Yeye haegeshi kwetu, angejuaje? Wa kumwambia nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa.

Jumanne Saa Tano hakuja. Ijumaa hakuja. Nafasi yake niliiwekea kiti changu, nikashinda nimesimama, na aliyetaka kuiingia nilimkaripia bila kujali ni mtoto wa nani.

Akaja Jumanne iliyofuata, amekonda. Nikakimbilia kuondoa kiti. Akaegesha taratibu, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikai kabisa. Saa tano utalikuta wazi, naapa."

Akatazama chini. "Siku ile tuliambiwa zamu imepita. Jumapili mama akafariki."

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kumwambia kwamba sikuinuka, kwamba kosa lilikuwa langu, langu peke yangu. Nikabaki nimeshika kiti.

"Kaa tu, baba, upumzishe goti," akasema. "Waache wanizibe. Mimi natoka jioni. Sina tena wa kumpeleka."

Akaenda darasani. Nikaliendea gari lake, nikaliegemea kwa bega kama ilivyo kazi yangu. Likatembea. Alikuwa ameacha breki chini.