Viungo vya Bado

Shangazi alipoambiwa kwamba ukurasa wa marehemu mumewe ni yatima, alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu hatukujaliwa naye hata mtoto mmoja, leo yatima awe yeye?"

Nikamweleza. Kwenye wiki ya mtaa wetu, yaani tovuti ambayo mkazi yeyote anaruhusiwa kuiandika, ukurasa usiofikika kutoka ukurasa mwingine huitwa yatima. Mkutubi mstaafu anayeisimamia huwafuta mayatima kila mwisho wa mwezi, bila chuki, kama mtu anayepangusa meza.

"Dawa yake nini?"

"Viungo, Shangazi."

"Vya mchuzi, au hivi vya magoti vinavyonitesa?"

"Vya kurasa. Mtu anasoma habari za soko, anakuta neno la bluu, akilibonyeza anatua kwa mumeo."

"Mh. Alipokuwa hai walimpita tu, sembuse sasa."

Mumewe alikuwa fundi viatu chini ya ngazi za posta, na mtaa mzima ulimwita Bado. Ukimuuliza kama kiatu chako tayari, alijibu, "Bado," hata kama kiko nyuma yake kinang'aa, ili ukae mpige soga. Kibanda chake kilivunjwa. Nilijitolea kumchapia Shangazi ule ukurasa kwenye karatasi, kwani kazi yangu ni duka la fotokopi. Akanitazama kama nimetukana.

"Nisome mimi? Mimi si namjua!"

Basi nikamkalisha kwenye kompyuta ya nyuma. Nikamwelekeza: tafuta jina lake linapotajwa, lizungushie mabano ya mraba, mawili huku na mawili huku, hifadhi. Nikarudi kwa wateja.

Nilipokuja kukagua, alikuwa amejifuta jasho na kuridhika. Nikafungua ukurasa wa maji: "Bomba la juu *bado* halijatengenezwa." Neno bado, bluu. Ukurasa wa shule: choo cha wasichana *bado* kinajengwa. Zahanati: daktari *bado* hajaletwa. Mtaa wetu una bado nyingi kuliko nyumba, na Shangazi hakuacha hata moja. Mtu akitaka kujua kwa nini bomba limekauka, anapelekwa kwa fundi viatu mwenye misumari mdomoni. Nilicheka mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

"Wewe si umesema jina lake linapotajwa?"

Mkutubi hakucheka. Alifuta vyote, akaandika "uharibifu," akamfungia Shangazi asiandike tena. Nikampigia simu kumwombea msamaha.

"Mwanangu, sina ugomvi na mama wa watu," alisema. "Nileteeni sentensi moja inayomtaja kweli, ithibitishwe na mtu asiye wa nyumba yake. Nitaiunganisha mwenyewe."

Tukaanza na nahodha wa zamani wa timu ya mtaa, siku hizi anauza saruji. Alitukaribisha viti.

"Bado? Aa, yule! Mcheshi kweli."

"Ndiye aliyewashonea viatu mlipokwenda fainali," Shangazi akasema.

"Viatu vya fainali tulipewa na mfadhili, dada yangu. Vipya kabisa."

"Vipya vikafumuka soli mazoezini. Kavishona vyote, mimi namvutia uzi."

Nahodha akakuna kidevu. "Sikatai. Lakini sikumbuki. Na yule mfadhili ndiye anayeniletea saruji hii. Nitasemaje viatu vyake vilifumuka?"

"Sema vilirekebishwa," nikadakia.

"Hapana, jamani. Nisameheni."

Mwalimu mkuu hakumkumbuka. Muuza magazeti aliyekaa naye ubavuni alishahama, hajulikani aliko. Mama mmoja wa cherehani alimkumbuka vizuri mno, sura, sauti, hata kofia, tukafurahi, mpaka tulipogundua anamzungumzia fundi mwingine.

Mwisho wa mwezi Shangazi alikuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkutubi akapiga kabla ya kufuta. Uungwana huo anao.

"Mmepata mtu?"

Shangazi akaninyang'anya simu. "Mkutubi, wewe mwenyewe, miaka yote hiyo hukuwahi kumpelekea hata kandambili?"

Nami mjinga nikaanza kutumaini.

"Nilikuwa nashonesha kwa yule wa stendi, mama."

"Yule wa stendi ana ukurasa?"

"Hana."

"Haya. Fanya kazi yako, baba."

Nikaufungua ukurasa upya. Mara ya kwanza Bado alikuwepo na misumari yake. Mara ya pili ukatoka mweupe.

Shangazi aliifuta simu yangu kwa upindo wa gauni ndipo akanirudishia. Mlangoni wateja walikuwa wamesimama, akaanza kujiinua.

"Kaa tu, Shangazi. Hawana haraka hao."

"Nikae nimngoje nani?" akasema, akamsogezea kiti mtu wa kwanza.