Sala Ndefu na Pasi ya Moto

Mzee wa Maono, fundi cherehani, hakujua kusema ndiyo wala hapana bila kumsingizia Mungu. Nguo ikichelewa, Mungu hajaruhusu. Suruali ikibana, Mungu anamfundisha mteja kiasi.

Jana mteja aliingia kuulizia blauzi yake. Fundi, ambaye alikuwa anapiga pasi gauni la harusi, akafumba macho aonyeshwe siku ya kuimaliza. Akipata msikilizaji, sala yake haina breki. Aliposema amina, mgongo wa gauni ulikuwa na tundu la kahawia. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na msaidizi wake kazini, aliporudi kutoka kununua uzi alimkuta anapepea moshi kwa Biblia.

Leo mama wa bibi harusi alikuja kulichukua gauni, akaona tundu, akafura.

"Fundi, nani ameunguza gauni la mwanangu?"

Fundi alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe la kanisani. Mzee wa kanisa mzima aseme ni yeye?

"Mama, mpiga pasi humu ndani ni shemeji yangu. Lakini mimi simhukumu mtu. Tumwulize Mungu."

Shemeji alihisi kibarua kinaota nyasi. "Mungu unamsumbua bure, shemeji. Jana nilikuwa dukani kununua uzi, na unajua."

"Tufumbe macho," akasema fundi kwa upole wa kinafiki. "Ee Bwana, uonaye sirini, mfichue aliyefanya uharibifu huu! Na kama ni shemeji yangu, mfungulie mlango wa kazi kwingine..."

Shemeji alifumba jicho moja. Kwa lile jingine aliiona pasi imelala juu ya koti, moshi mwembamba unapanda. Alinyoosha mkono aiondoe, kisha akaurudisha. Na yeye alikuwa anangoja mwongozo.

Mama wa bibi harusi akakohoa. Fundi akadhani shemeji analia kwa toba, akapandisha sauti.

"Mfichue, Bwana! Mfichue sasa hivi!"

"Amina," akasema shemeji kwa niaba yake.

Fundi akafumbua macho, akaruka na pasi mkononi. Mama wa bibi harusi akalitandaza gauni kando ya koti. Tundu na tundu, kama mapacha.

"Wewe umeshajibiwa, fundi. Sasa nijibu mimi."

Kope za fundi zikaanza kushuka.

"Macho wazi, shemeji!" akadakia mdogo wa mkewe.

Fundi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasali. Yeye hakuwepo."

Shemeji akashusha pumzi. Mama wa bibi harusi hakuwa amemaliza.

"Mgongo mpya utakuwa tayari kabla ya harusi Jumamosi?"

"Mungu akipenda..."

"Mungu anapenda. Nakuuliza wewe."

Fundi alimtazama shemeji, naye akageukia dirishani. Hakukuwa na wa kumsingizia tena.

"Ndiyo," akasema, akachukua mkasi.