Maji ya Zamu ya Primus

Mfongo wetu, yaani mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu hapa Uru, unaanzia mtoni karibu na msitu, unapita kwenye mashamba ya nyumba kumi na nane, na unaishia kwangu. Ukiwa wa mwisho kwenye mfongo, ukikosana na watu wewe ndiye unayekauka kwanza. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado mwezi wa Desemba 1996 nilikosana na nyumba zote kumi na nane kwa siku moja.

Mvua za masika ya mwaka ule zilikuwa zimebomoa banio, pale mtoni tunapochepushia maji. Ilibidi lijengwe upya kabla ya kiangazi cha Januari. Desturi ni kwamba kila mwaka banio linapotengenezwa, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, mbuzi huchinjwa pale banioni, damu humwagwa majini, na mzee wa mfongo humtaja kwa jina yule babu aliyeuchimba na kumwomba asizuie maji. Kila nyumba huleta mbege, pombe yetu ya ndizi, ya siku hiyo, na mwanamume wa kusimama pale.

Mzee wa mfongo alikuwa Primus, jirani yangu wa upande wa juu. Tulibatizwa siku moja. Kanisani hukaa benchi la tatu, na sauti yake ya nyimbo ni nzuri kuliko yangu.

Kwenye kikao nilisimama nikasema nitaleta jembe, nitaleta sururu, nitafanya kazi siku zote za ujenzi, lakini mbege ya mbuzi sitaleta na banioni siku hiyo sitasimama.

"Ulisimama miaka ishirini," Primus akasema. "Mwaka wa sabini na moja wewe ndiye ulimshika mbuzi miguu."

"Nilimshika. Sasa ninafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Siwezi Jumamosi kuwafundisha kwamba Mungu ni mmoja, halafu Jumanne wanione namwomba marehemu maji."

"Hatumwombi. Tunamheshimu."

"Nitamheshimu kwa kuchimba."

Watu wakacheka. Ebenezeri, ambaye haachi kutania hata msibani, akasema, "Mwacheni mwalimu. Kasoma ngumbaru, siku hizi anajua hata Mungu anakula nini!"

Hilo la ngumbaru liliniuma. Ni kweli nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni, baada ya kutwa nzima shambani, na sioni aibu. Nikajibu kwa maneno marefu kuliko yaliyohitajika. Nilisema wengine wamesoma mchana na hawakufika popote. Shemeji yake Ebenezeri, aliyesoma mchana akarudi kulima kama sisi, alikuwa amekaa pale pale. Nilipomaliza, Primus akatoa hukumu.

"Asiyeleta mbege hana zamu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda kwenye ujenzi siku zote sita, nikabeba mawe pamoja nao, na siku ya saba maji yalipofika bondeni zamu yangu ya Alhamisi alikuwa amepewa Ebenezeri, juu ya ile yake.

Jambo lenyewe lisingekuwa zito kama si miche. Mibuni yangu ya zamani ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, mmoja mmoja, na majirani wengi walikwishakata tamaa na kahawa wakapanda nyanya. Mimi sikukata tamaa. Novemba nilipanda miche mipya mia tatu na hamsini katikati ya migomba. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Mtu wa umri huo hapandi kahawa mara mbili. Kama ile miche ingekufa, kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, kingebaki cha migomba tu hadi nizikwe humo.

Na vuli haikunyesha.

Mke wangu Mektrida alikuwa akishuka nami mtoni na ndoo, asubuhi na jioni. Ndoo moja hutosha miche minne, ukiwa mchoyo. Mto uko chini sana na njia ya kupanda ni ya kushika mizizi kwa mikono. Katikati ya Januari majani ya miche ya upande wa magharibi yalianza kujikunja.

"Sikwambii ulete mbege," Mektrida aliniambia siku moja, ametua ndoo njiani. "Ulichosema umesema. Lakini sheria ya mlango unaijua. Kwa nini hukai pale?"

Sheria ya mlango ni hii. Nyumba tano za chini tunagawana maji kwenye mlango mmoja, pale penye jiwe kubwa, kila mmoja siku yake kuanzia saa moja asubuhi. Mwenye zamu, au mtu wa nyumbani kwake, asipofika hadi saa mbili, maji ni ya yeyote aliyesimama pale na jembe, awe na zamu au asiwe nayo. Primus mwenyewe aliyatumia maji ya namna hiyo mara nyingi, na hata mjane Zita alipochelewa kwa sababu ya kuuguza mtoto hakumhurumia.

Basi nikaanza kukaa mlangoni kila asubuhi na jembe langu. Nilikaa siku nane. Hakuna aliyechelewa. Nadhani walianza hata kuwahi zaidi ili wanione pale.

"Shikamoo mwalimu," Shedrack, kijana wa jirani, alikuwa akiniambia kila siku yake akifungua maji. "Leo tena?"

"Marahaba. Leo tena."

Ebenezeri yeye alikuja na kigoda. "Kalia, mwalimu. Aliyeahidi mana hakusema itashuka saa ngapi."

Kigoda nilikalia. Miguu ilikuwa inauma.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne, zamu ya Primus. Saa moja ikafika, hakuna mtu. Saa moja na nusu. Nilikuwa nimesimama. Saa mbili kamili kwa saa yangu ya mkononi, ambayo huirekebisha kwa redio, Shedrack akatokea akikimbia.

"Mwalimu, mzee Primus kaanguka! Alipanda mringaringa kukatia ng'ombe majani, tawi likakatika. Mguu umegeuka. Wamempeleka hospitali mjini, mkewe Gladness kaenda naye. Nyumbani hakuna mtu." Akavuta pumzi. Akaliangalia jembe langu. "Maji ni yako. Kwa sheria yake mwenyewe."

Alikuwa sahihi. Nilimpa pole za kupeleka, akaenda. Kisha nikaingia kwenye mfereji, nikatoa vipande vya mgomba vilivyoziba upande wangu, nikaziba upande wa Primus. Maji yakageuka. Nilitembea nayo pembeni mpaka kihambani kwangu, nikiyaongoza kwa jembe, na yalipofika kwenye mstari wa kwanza wa miche ardhi ilitoa ile harufu.

Mektrida alitoka jikoni akakuta maji yanapita. Alipiga ishara ya msalaba. "Umepataje?"

Nikamweleza.

"Mungu amekujibu," akasema.

Nilikuwa kwenye mstari wa tatu. Nilifungua mstari wa nne. Lakini neno lake lilikuwa limekaa vibaya kichwani mwangu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelisema moyoni tangu mlangoni. Nilikuwa nimekataa kumwomba marehemu maji kwa damu ya mbuzi. Sasa nilikuwa namshukuru Mungu kwa maji yaliyokuja kwa mguu wa Primus. Mungu ninayemfundisha Jumamosi hamwangushi mtu mtini ili miche yangu inywe.

Na kulikuwa na jambo lingine, dogo zaidi. Nyanya za Primus zilikuwa zinatoa maua. Zikikosa Jumanne hii maua yangepukutika, na Gladness alikuwa hospitalini amekaa kwenye benchi.

"Unakwenda wapi?" Mektrida akauliza.

"Kugeuza maji."

"Baba Pamela! Miche mia tatu bado!"

"Najua hesabu yake."

Mektrida alikuwa na michubuko mabegani ya ile kazi ya ndoo. Nilidhani atanifokea, na angekuwa na haki. Akasema tu, "Basi ningoje nikusaidie kule. Peke yako nyanya zile hutazimaliza leo."

Tulimwagilia shamba la Primus hadi saa nane, mstari kwa mstari. Jioni tukashuka mtoni na ndoo kama kawaida. Jumanne zilizofuata Gladness alikuwa amekwisharudi, akawa anawahi mlangoni.

Nitasema ukweli kuhusu wiki zilizofuata. Niliona fahari. Jumamosi ile nilitaka kuwaeleza watoto habari hii kama mfano, bila kutaja jina, kwa namna ambayo wote wangelijua jina. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichonizuia ni ile mistari minne. Miche kumi kila mstari, arobaini, ilikuwa imesimama wima na kijani kibichi, na kila nikipita ilinikumbusha mahali maji yalipoanzia. Nikafundisha habari ya kitubio badala yake.

Primus alirudi mwishoni mwa Februari, mguu ndani ya plasta, magongo mawili. Siku ya pili aliniita. Nilimkuta uani amekaa, mguu juu ya gogo, na nyanya zake zimeiva nyuma yake.

"Pole na mguu," nikasema.

"Shedrack ananiambia umemwagilia kwangu."

"Mimi na mama Pamela."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Jumanne ile maji yalikuwa yako. Kwa sheria." Alisema kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. "Ungeyachukua ningejua la kufanya na wewe. Sasa nakaa kitandani nawaza, huyu mtu ananitaka nini? Nifute mbuzi? Mbuzi simfuti. Baba yangu alichinja, babu yangu alichinja."

"Sijakuomba umfute. Ninaomba maji."

"Halafu utakwenda kutangaza kwa watoto wako wa komunyo: Primus mpagani, mwalimu mtakatifu."

Hapo ndipo ilinibidi niseme. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila Mektrida.

"Nilianza kwangu," nikasema.

"Nini?"

"Maji. Nilipoambiwa umeanguka niliyapeleka kwangu kwanza. Nilinywesha miche arobaini ndipo nikageuza. Na moyoni nilikuwa nimeshashukuru."

Primus alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. "Ai! Gladness, njoo usikie! Mimi navunjika mguu, meku huyu, mzee mzima, anasema asante Mungu!" Gladness akatokea mlangoni na mwiko mkononi, hakucheka, lakini aliniletea kiti.

"Arobaini kamili?" Primus akauliza, akifuta machozi.

"Nimeihesabu."

"Kwa sheria si wizi."

"Kwa sheria si wizi. Lakini nimekuambia."

Primus akavunja kipande cha jani la isale lililoota kwenye mpaka kando ya kiti chake, akalizungusha vidoleni. Kwetu jani hilo ndilo mtu hupeleka akiomba msamaha. Hakunipa. Alilizungusha tu, kisha akalitupa chini.

"Malaika nisingemweza kwenye mfongo," akasema. "Wewe ninakuweza. Alhamisi chukua zamu yako. Ebenezeri nitasema naye mimi. Mwakani mbuzi atachinjwa kama kawaida, na wewe siku hiyo utakaa nyumbani. Lakini siku ya kazi utaleta watu wawili badala ya mmoja."

"Nitaleta."

"Na yale maneno uliyosema kwenye kikao, ya waliosoma mchana. Shemeji yake Ebenezeri bado anayo."

"Nitakwenda kwake leo."

Nilikwenda. Hilo lilikuwa gumu kuliko ndoo.

Alhamisi maji yalikuja hadi mstari wa mwisho, lakini kwa miche mingi yalikuwa yamechelewa. Tuling'oa mia na tisini. Mia na sitini ilibaki, ikiwemo ile arobaini, ambayo mpaka leo ndiyo inayozaa vizuri kuliko yote. Mektrida akichuma hapo huniuliza kama nimeshaitubia. Ninamwambia nimeitubia, achume.