Mazoezi ya Winchi

Mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Winchi alichuchumaa uani mbele ya ndoo ya mchanga, akaishika mkono na kuibembeleza kama anayechumbia. Ndoo ikakataa. Jina hilo, la mashine ya kunyanyulia mizigo, alilipata ghalani, alikobeba magunia miaka arobaini. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, na ndoo ya plastiki ilimtoa jasho.

Mkewe alipopooza upande mmoja, binti yao alitaka kumhamishia kwake, mji wa mbali.

"Baba, mama hawezi hata kwenda msalani bila kubebwa. Na wewe mwenyewe ni wa kubebwa."

Maneno hayo yalimchoma. Aliomba miezi mitatu. "Ukija ukakuta siwezi kumnyanyua, mchukue. Sitafungua mdomo."

Akaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja asiyejua kucheka. Aliambiwa ainuke kitini mara kumi kila asubuhi bila kushika kitu, kisha anyanyue ndoo, akiongeza kopo moja la mchanga kila wiki. Majirani walichungulia. Winchi iko matengenezoni, walisema, na yeye akawaacha waseme.

Mwanzoni mkewe alimshinda. Mara mbili waliangukiana kitandani, wakacheka hadi wakalia. Mwezi wa pili alimfikisha kitini. Mwezi wa tatu alimbeba hadi uani kuota jua, bila hata kuhema. Lakini ndoo ilikuwa imegoma kwenye kopo la nne. Aliilaumu mvua. Mchanga umelowa, alijiambia, akaacha kuongeza.

"Umerudi ujanani," mkewe alimtania, akisukuma kando bakuli la uji.

"Kunywa basi, hata kidogo."

"Nimeshiba, mzee wangu."

Bakuli lilikuwa limejaa vilevile.

Siku ya ahadi binti alifika asubuhi. Winchi hakumpa hata nafasi ya kuketi. Alipitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mkewe, mwingine mgongoni, akasimama naye wima. Kisha akamgeukia binti, akingoja sifa.

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alitazama miguu ya mama yake iliyoning'inia, myembamba kama ya mtoto.

Winchi akaiona naye. Mgongo wake ulipima magunia maisha yote na haukuwahi kukosea. Ulikuwa umejua tangu mwezi wa pili kwamba mzigo unapungua; ni yeye aliyeunyamazisha, kwa kuwa alipenda kuitwa kijana.

"Umeshinda, baba," binti alisema. "Kwa hali hii safari hataiweza."

Winchi hakuwahi kutamani kushindwa kama alivyotamani asubuhi ile.

"Niweke chini," mkewe alimnong'oneza shingoni. "Utachoka."

"Sijachoka," alisema. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo alipoanza kulia.