Dhamana ya Chumba cha Kufulia

Zilipobaki wiki mbili nistaafu, nilikwenda dirishani kwa ushirika wetu wa akiba na mikopo kuchukua fedha zangu. Nilikuwa na kitambulisho, kitabu cha akiba, na mwili uliokufa ganzi. Ganzi hiyo ilinianza miezi mitatu nyuma, siku nilipopewa barua ya kustaafu. Niliisoma, nikaikunja, nikarudi kutoa mashuka kwenye mashine ya kukamua. Wenzangu waliniuliza najisikiaje. Nikawajibu kwamba sijisikii. Wakacheka, wakidhani natania.

Nimefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Damu hutoka kwa maji baridi. Watu wazima na vyeti vyao hawajui hilo, wanaichemsha. Katika miaka hiyo nilijiwekea akiba ya milioni nne na laki mbili, ikikatwa kila mwezi kabla mshahara haujanifikia, maana ukinifikia huwa una miguu. Kwa miaka kumi na tatu nimekuwa nikilipa pia mkopo wa nyumba benki, na ulikuwa umebaki milioni tatu na laki tisa. Hesabu yangu hata mtoto wa darasa la pili angeielewa: nachukua akiba, namaliza mkopo, napewa hati ya nyumba, naishi kwa pensheni. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu pensheni ya mwezi ni ndogo kuliko rejesho la nyumba. Mshahara ukikoma na deni bado lipo, nyumba inakwenda.

Karani wa ushirika alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Akabonyeza kompyuta, akaitazama, akabonyeza tena.

"Mama, akiba yako imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?"

"Kuna mtu ulimdhamini. Hajalipa miezi mitano sasa."

Akanisomea jina. Ilibidi nifikiri kidogo, maana kazini hakuna aliyemwita hivyo. Sisi tulimwita Mama Pasi. Alikuwa shoga yangu wa miaka ishirini, msimamizi wa ile mashine ya kunyoosha mashuka, mpaka macho yalipoanza kumsaliti, wakamwachisha kazi mwaka jana. Deni lake lilikuwa milioni moja na laki mbili, na mdhamini nilikuwa mimi peke yangu.

"Kuna njia mbili," karani akasema. "Ukikubali, tunalikata deni lote kwako, unaondoka na milioni tatu. Ukikataa, unajaza fomu hii, tunampelekea dalali akauze vitu vyake. Hiyo huchukua miezi minne, mitano, na fedha zako zinabaki hapa mpaka shauri liishe."

Nilipiga hesabu palepale. Milioni tatu isingemaliza nyumba. Miezi minne ningejibana, ningekopa kwa huyu nimlipe yule, mradi akiba itoke nzima. Nikachukua fomu ya dalali. Nasema kweli, sikusita wala sikumwonea huruma. Nilisema tu nitairudisha kesho, kwa sababu nilitaka kwanza nimwone usoni mtu aliyeniweka shimoni akakaa kimya miezi mitano.

Nilimkuta kwake, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme, akiwanyooshea watu nguo kwa malipo. Alikuwa ameinama karibu aguse kitambaa kwa pua, akitafuta mkunjo kwa ncha ya kidole kabla ya kupitisha pasi. Nami, badala ya kusalimu, nikajikuta nahesabu vitu vyake kidalali: meza moja, redio, vitanda viwili, pasi yenyewe.

"Karibu, shoga," akasema bila kuinua kichwa. Alinijua kwa hatua. "Kaa. Nilijua utakuja."

"Kwa hiyo unajua kilichonileta."

"Najua. Nimekungoja miezi mitano."

"Wewe unangoja? Wewe ndiye hulipi, halafu mimi ndiye ningojwe?"

Akaisimamisha pasi, akaingia chumbani, akarudi na barua iliyokunjwa mara nne. "Soma mwenyewe. Mimi nilishasomewa, na sina hamu ya kusikia tena."

Ilikuwa barua ya ushirika kwake. Ilimjulisha kwamba akiba yake yote, milioni moja na laki mbili na ushee, imekatwa kulipia deni la mwanachama ambaye yeye Mama Pasi alimdhamini, na ambaye ameacha kulipa. Chini kulikuwa na jina la mwanachama huyo. Lilikuwa jina la mwanangu.

Lazima nieleze jinsi lilivyofika hapo. Kanuni za ushirika hazimruhusu mzazi kumdhamini mwanawe. Walioziandika walidhani wamefunga mlango. Sisi wa chumba cha kufulia tulikuwa na njia yetu, tukaiita "wewe wangu, mimi wako". Mwenzio anamwekea sahihi mtoto wako, nawe unamwekea sahihi yeye anapokopa, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Tulijiona wajanja sana. Mwanangu alikuwa karani wa ghala palepale hospitalini, akataka mkopo wa kununua pikipiki ya biashara. Nikampelekea Mama Pasi karatasi akiwa kazini, mikono imelowa jasho, nikamwambia, "Weka hapa, shoga. Mimi nipo." Akaiweka juu ya mfuniko wa mashine, akatia sahihi. Hakuuliza ni kiasi gani. Wiki ileile nikamwekea yangu, maana alikuwa anaezeka paa la nyumba ya mama yake.

Mwaka uliofuata mwanangu aliacha kazi ya hospitali, akaenda kuuza vigae vya sakafu. Mkopo wake haukukatwa tena kwenye mshahara, ikawa juu yake kupeleka rejesho mwenyewe. Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, "Deni limekwisha, mama." Sikuuliza mara ya pili. Nani humdai mwanawe risiti?

"Akiba hiyo," Mama Pasi akasema, "ndiyo ningemalizia deni langu nilipoachishwa kazi. Zingetoshana, tena ningebaki na nauli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Ni mwanao, anakaa kwako. Nikasema, huyu akiona haya atakuja mwenyewe. Asipokuja, basi ndivyo alivyo, na mimi sikumjua miaka yote hii."

"Mimi nimekuwa nikisema hayohayo juu yako tangu saa nne asubuhi."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Nilitaka kucheka naye, mdomo ukagoma. Niliingoja hasira, nayo haikuja. Aibu ilikuja, lakini niliisikia kwa mbali tu, kama kelele za nyumba ya jirani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nimekung'uta nguo za wagonjwa miaka ishirini na tisa, na zangu sikuzikung'uta hata siku moja.

Akaipapasa meza, mkono wake ukagusa fomu niliyoiweka pale nilipoingia. Akaisogeza karibu na macho, haikusaidia.

"Hii nini?"

"Karatasi ya ushirika. Nimechukua isiyo yenyewe."

Nikaikunja, nikaitia mkobani. Aliniuliza kama nitakunywa chai. Nikakataa, kisha nikakubali. Tukainywa, akinisimulia habari za paa la mama yake, ambalo linavuja hata hivyo.

Kesho yake asubuhi nilirudi dirishani.

"Kata," nikamwambia karani.

"Una uhakika, mama? Ukishatia sahihi hairudi. Na deni hili si lako."

"Dawa ya deni ni kulipa."

"Alipe aliyekopa, basi."

"Ni langu, dada. Lilizunguka tu, likarudi nyumbani. Niletee kalamu inayoandika, hii imekauka."

Milioni tatu nikaipeleka benki siku hiyohiyo. Afisa wa mikopo alinipigia hesabu mpya: laki tisa zilizobaki nitazilipa kwa miaka miwili, rejesho limepungua sana, hati itakaa kwao hadi nimalize. Sasa rejesho lingeweza kutoka kwenye pensheni. Nikaandika nyuma ya bahasha unga, umeme, maji, dawa ya presha. Ilitosha, ila kwa sharti kwamba kwa miaka miwili asiumwe mtu, lisivuje bomba, usitokee msiba. Nikikosa miezi mitatu mfululizo, afisa akasema kwa upole, wanaiuza nyumba. Nikatia sahihi.

Nilifika nyumbani saa kumi jioni. Mwanangu na mkewe wanakaa chumba cha mbele, mwaka wa pili sasa, bila kodi, maana "wanajipanga". Sikuwahi kulalamika. Yeye alikuwa mezani na kikombe cha chai, mkwe wangu akimenya vitunguu.

"Mama, vipi, umepata hati?" akauliza.

"Sijapata. Fedha zimepungua laki tisa."

"Ah, pole." Akapuliza chai yake. Aliisema pole hiyo kama anavyowaambia wateja kwamba vigae vya rangi hiyo vimekwisha.

"Hungependa kujua zimekwenda wapi?"

"Si mambo yao hao ya ushirika? Makato yao hayaishi."

Nilimtazama. Uso huu niliuosha tangu una siku moja. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mengi, yenye Mama Pasi ndani yake, yenye macho yake na akiba yake ya miaka. Yote yakaniacha, yakabaki machache tu.

"Nimelipa deni lako," nikasema.

Kikombe kikasimama njiani. Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe, haraka, kisha akatazama meza.

"Lipi?" akauliza.

Mkwe wangu akaweka kisu chini. Nikaona amegeuka anamwangalia mumewe, na kwa uso wake nikajua naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Kifua kikaniuma. Kiliniuma kweli, maumivu ya mtu mzima, mpaka nikashika ukingo wa meza. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya mwanangu, karibu, magoti yetu yakigusana.

"Anza na la kwanza," nikamwambia.